Mbeba Chombo na Mfanya Hesabu: Mafunzo ya Falaki na Utafiti wa Mafungunyota Tufe, kutoka Njia ya Misafara ya Unyanyembe hadi Leo

1. Utangulizi

Mwezi Oktoba 1873 msafara uliobeba maiti ya David Livingstone kutoka kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, uliwasili Kwihara, karibu na Tabora. Wakuu wake walikuwa Abdullah Susi na James Chuma. Miongoni mwa mizigo yao kulikuwa na shajara za marehemu pamoja na vyombo alivyovitumia kupimia jua, mwezi na nyota. Kwihara walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike marehemu papo hapo. Walikataa, wakaendelea na safari hadi pwani. Cameron alibaki na baadhi ya vyombo hivyo, akavitumia katika safari yake ya kuelekea magharibi.

Tukio hilo kwa kawaida husimuliwa kama habari ya uaminifu wa wapagazi. Insha hii inalisoma kama tukio katika historia ya elimu. Chuma na Susi walikuwa wamefuatana na Livingstone tangu miaka ya 1860, na walikuwa wamemshuhudia usiku baada ya usiku akipima nyota. Hata hivyo, alipofariki, hakuna aliyewahesabu kuwa warithi wa kazi hiyo. Vyombo vilipata mtumiaji mwingine kutoka Uingereza, nao wakapewa sifa ya kubeba.

Hoja kuu ya insha hii ni kwamba, katika historia ya falaki ya Afrika Mashariki, kizuizi kikubwa zaidi hakikuwa uhaba wa vyombo. Vyombo vilikuwapo, wakati mwingine vilivyo bora kuliko vyote vya zama zao. Kizuizi kilikuwa mahali palipofanyiwa hesabu, na watu waliofundishwa kuifanya. Hoja hiyo inapimwa kwa kutumia tawi moja la falaki, yaani utafiti wa mafungunyota tufe, kwa kuwa tawi hili limegusa historia ya eneo hili zaidi ya mara moja, na kwa kuwa leo linafaa kuwafunza vijana wasio na darubini kubwa. Neno falaki linatumika hapa kwa maana ya elimu ya kisayansi kuhusu magimba ya angani, ili kuitenga na unajimu wenye maana ya kutabiri mambo ya watu kwa nyota.

2. Ujuzi wa nyota kabla ya vyombo vya kigeni

Haitakuwa sahihi kuianza historia hii kwa kuwasili kwa wapelelezi wa Ulaya. Jamii za pwani na za bara zilikuwa na elimu ya anga iliyofungamana na kazi. Mabaharia na wakulima wa pwani walihesabu mwaka wa jua kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, kuanzia siku ya Nairuzi. Waislamu walihitaji kujua kuandama kwa mwezi, nyakati za sala na upande wa kibla, na haja hiyo ilifika Unyanyembe pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliokaa huko katika karne ya 19. Jina lenyewe la Wanyamwezi lina uhusiano na anga: maelezo yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu wa pwani waliwaita hivyo kwa kuwa walitoka magharibi, upande unakoandama mwezi.

Mfano ulio karibu zaidi na mada hii ni Kilimia. Jina lake linatokana na kulima, na ipo methali ya Kiswahili inayohusisha kuzama na kuibuka kwake na kupokezana kwa jua na mvua. Kwa lugha ya falaki ya leo, Kilimia ni fungunyota: nyota zilizozaliwa pamoja na zinazosafiri pamoja. Aliyemfundisha mwanawe kukitazama Kilimia kabla ya kupanda alikuwa akimfundisha kutambua fungunyota, kulifuatilia mwaka mzima, na kulitumia kama kipimo cha wakati.

Upo pia mfungamano wa majira na kazi ya upagazi. Stephen Rockel, katika utafiti wake wa mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba Wanyamwezi walikuwa wafanyakazi wenye weledi, ujira na desturi zao za kazi, wala hawakuwa watu wa kubebeshwa tu. Wengi wao walisafiri wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakarejea kulima mvua zilipokaribia. Kwa hiyo msimu wa misafara ulikuwa pia msimu wa anga lisilo na mawingu. Ratiba ya kazi, ya shamba na ya nyota ilikuwa moja.

3. Vyombo katika njia ya misafara

Richard Burton na John Hanning Speke waliwasili Kazeh, ambayo ni Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Speke ndiye aliyefanya vipimo vingi vya nyota katika safari hiyo. Tarehe 9 Julai 1858 aliondoka Kazeh kwenda kaskazini bila Burton, katika nyanda ambazo leo zimegawanywa kati ya wilaya za mikoa ya Tabora na Shinyanga, na tarehe 3 Agosti aliliona ziwa aliloliita Victoria. Ni katika nyanda hizo za kaskazini ya Tabora, wilayani Nzega, ilipo kata ya Lusu, inayojulikana zaidi kwa mgodi wa dhahabu uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990.

Ni muhimu kueleza vipimo hivyo vilifanywaje, maana hapo ndipo ilipo hoja. Ili kupata latitudo, msafiri alipima kwa sekstanti kimo cha jua au nyota inapovuka mstari wa kaskazini na kusini. Kwa kuwa bara hakuna upeo wa bahari, alitumia sahani ya zebaki kama kioo, akapima pembe kati ya nyota na taswira yake. Kupata longitudo kulikuwa kugumu zaidi. Kulihitaji saa sahihi ya kronomita, au kipimo cha umbali kati ya mwezi na nyota, ambacho kisha kililinganishwa na majedwali yaliyochapishwa Uingereza. Kronomita ziliharibika kwa urahisi. Mwaka 1867 mpagazi aliyebeba za Livingstone alianguka, mwendo wake ukabadilika, na longitudo alizozipata baada ya hapo zikawa na kosa.

Vipimo peke yake havikuwa maarifa. Vilikuwa tarakimu katika daftari hadi vilipofanyiwa hesabu ndefu ya kurekebisha makosa ya chombo, ya hewa na ya saa. Livingstone mwenyewe hakuzaliwa na ujuzi huo. Aliuanza akiwa na umri wa miaka 27, katika safari ya meli ya kwenda Afrika Kusini mwaka 1840 na 1841, alipofundishwa na nahodha. Mwaka 1852 aliongezewa mafunzo na Thomas Maclear, mkuu wa Kituo cha Kifalme cha Falaki huko Cape Town. Tangu wakati huo alimpelekea Maclear vipimo vyake ili vihakikiwe na kukokotolewa upya. Livingstone aliyekaa Kwihara kuanzia Februari hadi Agosti 1872 alikuwa, kwa maana hiyo, mwanafunzi wa mbali wa kituo cha Cape Town.

Mnyororo wa elimu ulipita basi katika tembe la Kwihara: mwalimu Cape Town, mpimaji Unyanyembe, msomaji London. Kiungo kilichokosekana ni mtu wa pale pale. Sababu yake haikuwa kwamba hapakuwa na mtu wa kufundishika. Jacob Wainwright, aliyekuwa katika msafara wa mwaka 1873, alikuwa amesoma katika shule ya Nasik huko India. Alijua kusoma na kuandika Kiingereza, aliweka shajara, na ndiye aliyechonga maandishi mahali alipofia Livingstone. Chuma na Susi walipopelekwa Uingereza mwaka 1874, walimsaidia Horace Waller kuandaa shajara za mwisho kwa kumbukumbu zao za mahali, majina na mwendo. Watu wenye uwezo kama huo wangeweza kujifunza sekstanti na majedwali yake. Nahodha wa meli alimfundisha tabibu kijana. Tabibu huyo, alipokuwa mtu mzima, hakumwachia mfuasi wake kazi hiyo.

4. Mafungunyota tufe na nafasi ya hesabu

Fungunyota tufe ni mkusanyiko wa nyota laki kadhaa, na wakati mwingine zaidi ya milioni moja, zilizoshikamana kwa nguvu ya mvutano hadi kufanya umbo la tufe. Hutofautiana na Kilimia, ambacho ni fungu lililo wazi, lenye nyota chache na umri wa miaka milioni 100 hivi. Mafungunyota tufe mengi ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu, yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 10, na yanayojulikana ni zaidi ya 150.

Kituo cha Cape Town kina nafasi maalumu katika historia hii. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille alikaa Cape Town kuanzia mwaka 1751 hadi 1753, akaorodhesha karibu nyota 10,000 kwa darubini yenye lenzi ya milimita 13 hivi. Katika orodha yake ya magimba yenye sura ya wingu yalikuwamo mawili ambayo leo yanajulikana kuwa mafungunyota tufe makubwa ya anga la kusini, Omega Centauri na 47 Tucanae. Mwezi Januari 1834 John Herschel aliwasili huko, mwezi ule ule aliowasili Maclear, akachunguza anga la kusini kwa darubini kubwa hadi mwaka 1838. Mwalimu wa Livingstone, kwa hiyo, alifanya kazi jirani na mtu aliyekuwa akiyachambua mafungunyota hayo nyota kwa nyota.

Hatua kubwa iliyofuata ilitokana na picha. Kuanzia miaka ya 1890, Solon Bailey wa Chuo Kikuu cha Harvard alipiga picha za mafungunyota tufe kutoka Arequipa, nchini Peru, na kutambua mamia ya nyota ambazo mwangaza wake hupanda na kushuka kwa muda usiozidi siku moja. Mwaka 1918 Harlow Shapley alitumia nyota za namna hiyo pamoja na vipimo vingine kukadiria umbali wa mafungunyota tufe 69. Aliona kwamba yamezunguka mahali palipo mbali sana na jua. Umbali aliokadiria ulikuwa mkubwa kupita kiasi, lakini hitimisho lake lilisimama: jua haliko katikati ya galaksi.

Funzo la kihistoria ni lile lile la Kwihara. Lacaille alipata matokeo makubwa kwa lenzi ndogo kuliko ile ya darubini nyingi za mkono za leo, kwa sababu alikuwa amefundishwa kupima na kukokotoa. Picha za Arequipa zilipigwa Peru, lakini zilihifadhiwa na kuchambuliwa Harvard, na sifa ya ugunduzi ilifuata mahali pa uchambuzi.

5. Uhuru: setilaiti iliyoondoka Malindi

Karne moja hivi baada ya Kwihara, Afrika Mashariki iligusa tena historia hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahsusi kwa falaki ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya nchi mwenyeji. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu za kimaumbile: roketi inayorushwa karibu na ikweta hunufaika na mzunguko wa dunia, na setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe zenye nguvu ambazo huharibu vipimo.

Uhuru ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Baadhi ya vyanzo hivyo viligundulika kuwa ndani ya mafungunyota tufe. Jambo hilo liliwashangaza wanafalaki, maana magimba hayo yalidhaniwa kuwa makusanyiko ya nyota kongwe na tulivu. Maelezo yaliyokubalika baadaye ni kwamba nyota zilizosongamana hukaribiana na kunasana, na nyota ya nutroni hufyonza gesi ya mwenzake hadi gesi hiyo ikatoa eksirei. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ya kisayansi ya setilaiti hiyo, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2002.

Jina lilikuwa la Kiswahili na bahari ilikuwa ya Kenya, ila takwimu zilichambuliwa Marekani. Hakukuwa na dhuluma ya wazi katika mpango huo. Ulikuwa ushirikiano wa nchi huru. Hata hivyo, kwa kipimo cha mafunzo, ukanda wa pwani ulikuwa na nafasi ile ile iliyokuwa ya njia ya misafara: mahali pa kupitia.

6. Mafunzo ya wanafalaki vijana leo

Mambo mawili yametofautisha hali ya sasa na ile ya mwaka 1873 na ya 1970. La kwanza ni kwamba takwimu zimefunguliwa. Setilaiti ya Gaia ya Ulaya, iliyorushwa Desemba 2013, imepima mahali na mwendo wa zaidi ya nyota bilioni moja, na toleo lake la tatu, lililotolewa Juni 2022, linapatikana bila malipo kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. La pili ni kwamba fungunyota tufe, kwa asili yake, ni darasa lililokwisha kupangwa. Nyota zake ziko karibu umbali mmoja kutoka kwetu, na nyingi zina umri unaokaribiana. Kwa hiyo tofauti za rangi na mwangaza wake hutokana hasa na uzito wa kila nyota.

Mwanafunzi huanza kwa kupima mwangaza wa kila nyota kwa rangi mbili, kisha huchora mchoro wa rangi na mwangaza. Katika mchoro huo nyota hujipanga kwa mstari unaopinda mahali fulani. Nyota nzito humaliza fueli yake mapema na kuuacha mstari. Kadiri fungu lilivyo kongwe ndivyo kipindo kinavyoshuka. Kutokana na kipindo hicho mwanafunzi hukadiria umri. Baadaye hutafuta nyota badilifu, hupima kipindi chake, na kukadiria umbali. Mwisho hutumia mwendo wa nyota kutenganisha zilizo za fungu na zinazoonekana tu mbele yake. Kila hatua humlazimu kukiri ukubwa wa kosa lake. Huo ndio ujuzi ambao Maclear alimpa Livingstone.

Mfano wa karibuni unathibitisha uzito wa uchambuzi. Mwaka 2024 kundi lililoongozwa na Maximilian Häberle, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu huko Heidelberg, Ujerumani, lilitoa ushahidi wa kuwapo kwa shimo jeusi la uzito wa kati ndani ya Omega Centauri. Ushahidi ulikuwa nyota saba zinazokwenda kasi mno katikati ya fungu hilo. Picha zaidi ya 500 za darubini ya Hubble zilizotumika zilikuwa tayari katika hifadhi, na nyingi zilikuwa zimepigwa kwa ajili ya kurekebisha vyombo tu.

Kijiografia, ukanda wa Tabora una nafasi nzuri. Ukiwa takriban digrii 4 hadi 5 kusini ya ikweta, unaona mafungunyota ya pande zote mbili za anga. Omega Centauri hupanda hadi digrii 47 hivi juu ya upeo wa kusini, na M13, fungu mashuhuri la kaskazini, hupanda kwa kimo kinachokaribia hicho upande wa pili. Mwezi Mei na Juni Omega Centauri huwa juu kabla ya usiku wa manane. Julai na Agosti hufuata M22. Mwezi Oktoba, kabla ya mvua, hufika zamu ya 47 Tucanae. Kiangazi kile kile kilichokuwa msimu wa wapagazi kinaweza kuwa muhula kamili wa mafunzo kwa kijana wa Lusu mwenye darubini ya mkono.

Nchini Tanzania misingi ya kazi hiyo ipo. Muhtasari wa Fizikia wa kidato cha nne umekuwa na mada ya misingi ya falaki. Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ameandika kwa miaka mingi kuwaeleza wananchi mambo ya anga, na kupatwa kwa jua kipete tarehe 1 Septemba 2016 kulivuta umati mkubwa wa watazamaji, wakiwamo wanafunzi, huko Rujewa mkoani Mbeya. Barani Afrika, Umoja wa Kimataifa wa Falaki ulifungua mwaka 2011 ofisi ya falaki kwa ajili ya maendeleo jijini Cape Town. Ofisi hiyo iko katika eneo lile lile la kituo cha zamani alichokiongoza Maclear.

Pamoja na hayo, historia inatahadharisha. Msaada unaotolewa kwa shule mara nyingi huwa darubini. Darubini huvutia na huamsha hamu, lakini ikiachwa bila mwalimu wa hesabu huwa kama sekstanti katika mzigo wa mpagazi. Lugha nayo ni sehemu ya tatizo. Mwanafunzi aliyelijua anga kwa Kiswahili au Kinyamwezi hukutana na hesabu zake kwa Kiingereza sekondari, na Kilimia alichokijua shambani hakitambuliki kwake kuwa ni fungunyota la kitabuni. Istilahi kama fungunyota, nyota badilifu na mwakanuru hazina budi kutumika katika kufundishia, si kubaki katika kamusi.

7. Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba Unyanyembe haikuwa pembezoni mwa historia ya falaki. Vyombo vya falaki vilipita na kukaa huko miongo kadhaa, na vilifanya kazi kwa sababu Wanyamwezi na wenzao walivibeba. Pwani ya Kenya nayo ilirusha chombo kilichobadilisha uelewa wa mafungunyota tufe. Katika matukio yote mawili, hesabu ilifanyika kwingine, na elimu ilibaki ilikofanyika hesabu.

Inafuata kwamba kipimo cha programu yoyote ya kuwafunza wanafalaki vijana kisiwe idadi ya darubini zilizogawiwa. Kiwe idadi ya vijana wanaoweza kuchukua takwimu ghafi za fungunyota moja, kuzikokotoa, kutaja kosa lao, na kulitetea hitimisho lao mbele ya wengine. Takwimu sasa ziko wazi na anga la Tabora linafaa. Wainwright na wenzake walikuwa na uwezo na walikaa karibu na vyombo kwa miaka; walichokosa ni mtu wa kuketi nao na majedwali. Hicho ndicho ambacho shule za Nzega na Tabora zinapaswa kupewa kwanza.